Rauta ya Nyumba ya Uani

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mama mkwe wangu. Ugomvi wangu ni na rauta, na Godson, na tangi la maji, na mtu aliyejenga nyumba yangu kwa kuta nene kama za mahabusu. Huyo wa mwisho ni mimi mwenyewe, kwa hiyo tumuache.

Mwaka huo wa 2009 nilikuwa na magari mawili ya kupeleka wageni kreta kuona wanyama, na ofisi yangu ilikuwa sebule yangu hapa hapa Karatu. Wageni wanataka kujibiwa barua pepe, basi nikafunga intaneti: sahani kubwa juu ya paa, waya mnene mfupi unaopita dirishani, na rauta juu ya kabati la vyombo. Sebuleni intaneti ilikuwa inakimbia. Chumbani inatembea. Ukifika uani kwenye tangi la maji, imekufa. Tangi lenyewe ni la chuma, refu kuniliko, maana maji ya Karatu ni ya kubahatisha. Nyuma yake ndiko iliko nyumba ya uani, vyumba viwili, hatua kama arobaini kutoka mlango wa jikoni. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu waliokuwa wanalala kule ni madereva, na dereva akifika anataka kitanda.

Ndipo akaja mama mkwe.

Mke wangu, Naishorua, ni mtoto wa Ololosokwan, kule Loliondo. Mimi ni Mchaga wa Machame, naitwa Elimringi, nilimpata huko nikipeleka wageni, na hiyo ni habari nyingine. Mama yake, Nailantei, aliletwa kwetu kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limezimika zamani. La kulia lilikuwa linazimika. Madaktari wa macho kutoka nje walikuwa wamepiga kambi wilayani kwa siku chache, wakampima Jumanne, wakamwambia ukweli: tukilipasua hilo linaweza kupona, na linaweza pia kuzimika moja kwa moja. Tusipolipasua litazimika tu, polepole. Siku yao ya mwisho ya kupasua ilikuwa Jumatatu.

Nailantei akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba hapasuliwi mpaka amwone Ngoitiko.

Ngoitiko ni kitinda mimba wake. Alikuwa Norwei mwaka wa nne, anasomea mambo ya malisho, na asingeweza kurudi kabla ya kumaliza. Mama anasema kama jicho ni la kuzimika, lizimike likiwa limeshamwona. Ukimuuliza mara ya pili anageukia ukutani.

Nikasema, sasa tatizo liko wapi? Intaneti tunayo. Kompyuta ya mapajani tunayo, ina kamera, ina Skaipu. Mama aje sebuleni, tumpigie kijana wake, amwone, Jumatatu twende hospitali.

"Haingii," Naishorua akasema.

"Haingii wapi?"

"Nyumba anayolala mkwe wake. Miaka kumi na moja umenioa, leo ndiyo unauliza?"

Nilikuwa najua. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume wanakwepana kwa heshima: hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, mkikutana njiani kila mtu anatazama miti. Nikajitolea kuhama. Nikasema nitalala kwenye Lendkruza mpaka Jumatatu, sebule iwe yake. Naishorua akaenda uani kuuliza, akarudi.

"Anashukuru. Lakini anasema kitanda chako bado kimo humo ndani."

"Nikitoe kitanda?"

"Baba Joel, usinitanie."

Sikuwa natania. Nilikuwa tayari kutoa kitanda, kabati na mlango.

Hapa lazima nikiri kosa langu la zamani, kwa sababu ndilo linaloniuma kila mama huyu akija. Kwa Wamaasai, ukimpa mtu mnyama mnaacha kuitana majina, mnaitana kwa ile zawadi. Mkwe anampelekea mama mkwe kondoo, na kuanzia siku hiyo wanaitana Paker, yaani yule wa kondoo. Nilielezwa vizuri sana kabla ya harusi. Lakini mimi ni mtu wa Machame, na kwetu mtu unayemheshimu kweli unampelekea mbuzi. Moyoni nikaona kondoo ni kitu kidogo, nitaonekana bahili. Nikanunua beberu. Beberu la maana, ndevu mpaka kifuani, nikalipandisha kwenye gari kutoka Karatu mpaka Ololosokwan nikijisifu njia nzima. Mama alilipokea, akashukuru, akalifunga. Lakini jina la mkwe hutoka kwa kondoo tu, beberu halikumpa jina la kuniita. Basi kwa miaka kumi na moja mimi ni "yule wa Karatu". Yule wa Karatu amekula? Yule wa Karatu amerudi safari? Nilipotaka kupeleka kondoo baadaye niliambiwa mambo hayo hayarudiwi.

Turudi kwenye intaneti.

Jumatano tulijaribu nje, upande wa huku wa tangi, ambako intaneti bado ilikuwa na uhai kidogo. Tukaweka kiti, meza, na kanga juu ya vichwa vya mama na Naishorua kama hema. Jua la Karatu halina adabu. Mama alikuwa hawezi kabisa kufungua jicho penye mwanga, linamwagika machozi, na kioo cha kompyuta kwenye jua hata mimi mwenye macho mawili nilikuwa najiona mwenyewe tu. Ngoitiko akawa anaita, "Yeyo! Yeyo!", maana ndivyo wanavyomwita mama. Mama anamsikia, hamwoni. Upepo ukachukua kanga. Mama akanyanyuka, akashika ukuta, akarudi chumbani kwake kwenye giza, akakataa chai.

Nikafikiria kuhamishia rauta nyumba ya uani, lakini ule waya wa sahani ni mfupi, na watu wa kuuhamisha walisema wataweza kufika baada ya wiki mbili. Nikafikiria kafe ya intaneti mjini. Haikuwa na kamera, na hata ingekuwa nayo, mama asingeongea na mwanawe mbele ya watu wanaocheza karata kwenye kompyuta.

Alhamisi nikamwita Godson.

Godson ana duka karibu na soko. Anatengeneza kompyuta, simu, redio za magari, na mdomo wake hauhitaji kutengenezwa. Ni baba wa watoto watatu, lakini anaongea kama kondakta.

"Bosi, hii ishu ndogo sana," akasema. "Unaweka rauta ya pili. Ya kwanza inapasia ya pili, ya pili inapasia nyumba ya uani. Goli."

"Una hakika?"

"Nimefunga lodge nzima kwa mtindo huu."

Akatoa kwenye begi rauta moja iliyochakaa, antena moja imefungwa kwa selotepu, akaiweka dirishani jikoni. Akabofya nusu saa. Nikaenda nyuma ya nyumba ya uani na kompyuta, nje, upande wa dirisha, kwa sababu mama alikuwa ndani. Kwenye kioo nikaona mistari mitano ya mtandao. Mitano! Ya kijani, imesimama kama askari wa paredi. Nilifurahi nikataka kumkumbatia Godson. Nikafungua barua pepe. Haikufunguka. Nikafungua Skaipu. Haikufunguka. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Godson, mistari mitano ipo, intaneti haipo."

"Hapana bosi, ukishaona mistari mitano ujue mtandao upo."

"Mtandao upo. Intaneti haipo."

Akaja mwenyewe, akatazama, akakuna kichwa. Akagundua kwamba rauta hizo mbili ni za kampuni tofauti, na kwa hewani tu hazisikilizani. Ile ya pili ilikuwa inatangaza kwa nguvu zote kitu ambacho haina. Inahitaji waya kutoka kwenye ya kwanza, Godson akasema, waya wa mita arobaini na kitu, na Karatu nzima hakuna, mpaka Arusha.

Ijumaa asubuhi, wakati tunangoja waya ushuke na basi, Godson akaamua "kuiandaa" rauta ya kwanza. Nilikuwa jikoni. Nikasikia, "Aisee." Mtu akisema aisee kwa sauti ile ndogo mbele ya kitu chako, ujue ameshakiharibu. Alikuwa amechomeka sindano kwenye kale katundu ka nyuma. Rauta ikasahau kila kitu, mpaka namba za kampuni ya intaneti. Sasa sebuleni nako hakuna kitu. Siku nzima nilikuwa kwenye simu na kijana mmoja wa Arusha ambaye kila nikimaliza kueleza ananiambia nizime niwashe. Wageni wa Jumapili walikuwa wananiandikia na mimi sioni. Nilipandwa na mori mpaka Naishorua akanitoa nje ya nyumba yangu.

"Nenda kaangalie magari," akasema. "Ukimpiga Godson nani ataitengeneza?"

Jumamosi mchana kijana wa Arusha akanirudishia intaneti. Waya nao ukawa umefika, wa buluu, umeviringishwa. Tukaupitisha dirishani, juu ya kamba ya nguo, tukauzungusha kwenye tangi, ukaingia nyumba ya uani kupitia upenyo wa juu ya dirisha. Godson akachomeka upande huu, akachomeka upande ule, rauta ya pili ikawekwa juu ya stuli chumbani kwa mama, taa zikawaka. Naishorua akanionyesha kioo cha kompyuta dirishani. Mistari mitano. Intaneti hakuna.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Sikuwa na nguvu ya kugomba.

"Kila moja inajidhani ndiyo bosi," Godson akaeleza. "Zina namba moja, na zote mbili zinagawa namba kwa kompyuta. Ni kama geti moja lina walinzi wawili, kila mmoja anakata vibali vyake. Nitabadilisha namba ya hii ya pili."

"Badilisha."

Akabadilisha. Halafu yeye mwenyewe akashindwa kuingia tena kwenye rauta, kwa sababu hakuandika namba mpya aliyoipa. Akachukua sindano. Nikamwambia akiichoma rauta yangu ya kwanza tena nitamchoma yeye. Akachoma ya pili. Akaanza upya. Alichomeka na kuchomoa ule waya mara nyingi sana mpaka giza likaingia, akaenda kwake akisema kesho mapema.

Kesho ndiyo Jumapili. Tulikuwa tumekubaliana na Ngoitiko saa kumi jioni. Saa kumi na moja na nusu alikuwa anaingia zamu kwenye kazi yake ya kuosha vyombo, na Jumatatu asubuhi mama yake alitakiwa awe hospitali, kama atakubali kwenda. Baada ya hapo madaktari wanafunga mizigo.

Godson alikuja saa nane badala ya mapema. Saa kumi kasorobo bado alikuwa amepiga magoti chumbani kwa mama, kompyuta sakafuni, rauta juu ya stuli, jasho linamdondoka puani. Mama amekaa kitandani kwake, shuka jekundu begani, kitambaa juu ya jicho. Alikuwa amevaa shanga zake zote. Naishorua alinieleza kwamba tangu asubuhi alikuwa anauliza kama zimekaa sawa, ili mtoto asije akafikiri amechakaa. Mimi nilikuwa nje, mgongo umeegemea ukuta chini ya dirisha, kama kawaida yangu, mwenye nyumba anayesikiliza nyumba yake kwa nje.

Saa kumi ikafika. Saa kumi na dakika kumi. Na ishirini.

"Mistari mitano," Godson akasema.

"Usiniambie mistari!" nikafoka kutoka nje. "Sitaki kusikia mistari!"

Halafu mama akaongea. Kimaasai changu ni cha dereva, cha kuombea njia na maji, lakini alikuwa anasema taratibu na nilielewa. Alimuuliza Naishorua ile kamba ya buluu inaleta nini.

"Ndiyo inamleta Ngoitiko, Yeyo. Inatoka nyumba kubwa."

"Imeshafika humu?"

"Imeshafika. Inaingia kwenye hicho kidude."

"Na kidude kinafanya nini?"

Naishorua akamuuliza Godson kwa Kiswahili. Godson akasema kinairusha hewani, kisha kompyuta inaidaka.

"Kompyuta iko wapi?"

"Hiyo hapo, karibu na mguu wako."

Mama akavuta pumzi kwa hasira, na nakwambia ile hasira ilikuwa sawasawa na yangu. "Siku tano mnarusha," akasema. "Si muipe mkononi!"

Naishorua alitafsiri. Mimi pale nje nilifunga macho. Kompyuta ina tundu la waya ubavuni. Nililijua, Godson alilijua, nilikuwa nimelifuta vumbi lile tundu kwa kitambaa mara mia. Tulikuwa tumejaza vichwa vyetu habari za kurusha hewani, wayalesi, wayalesi, mpaka tukasahau kwamba waya wenyewe ulishafika chumbani tangu jana mchana.

Nikasikia tiki. Godson alichomoa waya kwenye rauta, akauchomeka kwenye kompyuta. Nikasikia mlio wa Skaipu unaita, ule mlio wa matone.

"Yeyo?"

Halafu ikakata.

"Upande wa kule!" Godson akapiga kelele. "Bosi, upande wa kule umechomoka!"

Nilikimbia. Nina kitambi na miaka arobaini na saba, lakini niliruka beseni la vyombo. Sebuleni ule waya ulikuwa unaning'inia kwenye kabati. Kale kaulimi ka plastiki kanakoushika kalikuwa kamevunjika, kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara mia moja. Nikauchomeka, nikauachia, ukatoka. Nikauchomeka, nikausukuma kwa kidole gumba, taa ikawaka. Nikapunguza nguvu kidogo, taa ikazima. Nikabonyeza tena.

"Hapo hapo!" Godson akaita kutoka uani. "Usiguse kitu!"

Basi nikasimama hapo hapo. Mkono mmoja juu ya kabati, gumba kwenye tundu, shavu karibu na sahani za Naishorua za harusi. Kutoka sebuleni husikii kitu cha nyumba ya uani. Kuta nene, nilishasema. Nilikuwa na saa ya ukutani na taa moja ndogo ya kijani ya kuangalia. Saa kumi na dakika thelathini na mbili. Simu yangu ikaita mfukoni, mgeni au dereva, sikujua, sikuweza kuichukua. Ikaita tena. Jasho likaniingia jichoni, nikalipangusa kwa bega. Nikamtukana Godson taratibu kuanzia kidole cha mguu kwenda juu. Nikamtukana na aliyetengeneza kaulimi. Kisha matusi yakaniishia, nikabaki nawaza kule ndani kunaendelea nini, kama picha inatoka, kama ni jicho limeshashindwa na mimi hapa nashikilia bure. Nilijikuta naomba. Niliomba kwa Kichaga, kama mama yangu.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili mlango wa jikoni ukafunguka. Naishorua akaingia, macho mekundu, kanga imeloa kifuani.

"Amemwona?" nikauliza.

"Alimwambia asogeze uso. Asogeze, asogeze, mpaka yule kijana akajaa kioo kizima. Akaweka jicho lake hapo kabisa, pua inagusa. Akatafuta usoni lile kovu la utotoni, la kuanguka kwenye moto. Akalipata." Akajifuta. "Akamwambia amenenepa, na ndevu hizo anyoe. Wakacheka. Wakaongea habari za ng'ombe mmoja mmoja mpaka wakamaliza."

"Na kesho?"

"Kesho anakwenda. Ameniambia nimwandalie shuka safi."

Nikaegemea kabati. Naishorua akanitazama nilivyosimama, gumba bado kwenye rauta.

"Amenituma kwako," akasema. "Amesema, mwambie Paker anaweza kuachia kamba."

Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi, sikihisi tena. Sikuachia mara moja.